Steringi Hafi, Wengine Tunajifia Tu

Steringi hafi. Hiyo ni sheria, jirani, wala haikupitishwa Dodoma. Mtoto wa chekechea hapa Songea anaijua kabla hajaijua herufi. Steringi atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, gari litalipuka yeye yumo ndani, sisi kwenye benchi hatushtuki. Tunatafuna karanga. Tunajua anatoka. Na kweli, mkono unachomoza majini, kibanda kizima miluzi.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Miaka yote nimekalia mabenchi ya vibanda umiza. Nimelipa kiingilio, nimebanwa mbavu, nimenusa soksi za watu nisiowajua. Nimezikariri sheria za kila aina ya picha. Za ngumi, za Kihindi, za komando, za Kinaijeria, za majini, za kwetu Bongo. Zote ninazo kichwani. Zimenisaidia nini? Nyumbani kwangu mwenyewe nimepigwa marufuku kuangalia tivii na familia. Eti nasema mwisho! Jamani, mwisho siusemi mimi, umo humo humo tangu mwanzo. Mtu akikohoa kwenye picha, huyo anakufa. Akikohoa kwenye kitambaa cheupe, anakufa leo leo. Polisi akisema wiki ijayo anastaafu, hafiki Ijumaa. Mwanajeshi akitoa picha ya mchumba mfukoni akawaonesha wenzake, we andika rambirambi kabisa. Mimi nayasema haya kwa nia njema, watu wajiandae kisaikolojia. Mama watoto ananitupia mto. Siku nyingine unakuja mwiko.

Shule yangu ilikuwa kibanda kimoja cha Mfaranyaki. Cha mabanzi, juu bati, dirisha limezibwa kwa gunia la mahindi ili mwanga usiingie na wa bure wasichungulie. Tivii ya kichogo, deki imefungwa kwa mnyororo. Nje mwezi wa saba, baridi ya Matogoro unavaa makoti mawili na bado unatetemeka. Ndani mvuke. Ukitoka unaumwa mafua wiki nzima, nyumbani wanadhani malaria, unameza dawa chungu na huwezi kusema ukweli.

Humo ndimo nilimoonewa mara ya kwanza. Picha yenyewe Sholay. Imetengenezwa 1975, sisi huku tuliipata baadaye sana, mkanda umeshachoka, sura za watu zina mvua. Amitabh Bachchan na Dharmendra, wahuni wawili wenye roho nzuri, wanakwenda kumkamata Gabbar Singh, jambazi mmoja hana hata aibu. Amitabh ana sarafu. Kila kukiwa na jambo la kuamua anairusha. Sawa. Mwishoni yuko darajani peke yake, kapigwa risasi. Dharmendra anarudi, anamkumbatia, analia. Sisi tukamwonea huruma Dharmendra kwa kulia bure. Si anaamka huyu? Tukasubiri mkono utikisike. Tukasubiri. Kibanda kimya, unasikia deki inavyokoroma.

Hakuamka.

Jirani, pale palichafuka. Mzee mmoja akasimama, anataka arudishiwe kiingilio, steringi hafi bwana, tumelipia steringi! Mwenye kibanda akamjibu, mzee wangu, tulia, steringi ni Dharmendra, yule mwingine alikuwa wa akiba. Wa akiba vipi na ndiye mrefu? Ubishi, kusukumana, benchi likapinduka. Mimi nilikuwa mtoto, nimekaa chini mbele kabisa. Mtu mzima akanikalia. Hakujua kama amekalia mtu. Nikaenda nyumbani nalia, kamasi hadi kidevuni. Baba akauliza, nani kakupiga? Nikasema Gabbar Singh. Baba akachukua fimbo, akaingia mtaani kumuulizia. Kaulizia hadi karibu na Soko Kuu. Alirudi usiku, akanichapa mimi.

Na lugha je? Sisi hatukuwa tunaelewa hata neno. Tulikuwa tukisoma midomo na bastola. Mpaka walipokuja watafsiri. Lufufu! Mtu anakaa na maikrofoni, picha inakwenda, yeye anaeleza, anachongea, anatabiri, anamtukana adui kwa niaba yetu sote. Baadaye wakaja kina DJ Mack na DJ Murphy. Wakenya wana DJ Afro wao. Waganda nao wana watu wao wanaowaita VJ, kina VJ Jingo. Nimekua najua kabisa kwamba makomando wa Kimarekani wakimkamata adui humuuliza anadaiwa kodi ya nyumba miezi mingapi kule Manzese. Siku moja kwa shemeji nikaikuta picha ile ile inaoneshwa na kung'eng'e chake cha asili. Komando anasema maneno mawili, ananyamaza, anapiga risasi. Nikamwambia shemeji, hii umepigwa, wameikata maneno. Shemeji ni mtu wa adabu, aliishia kunitazama tu. Mkewe akaenda kucheka jikoni.

Hao Waganda ndio wamenimaliza kabisa. Kuna studio pale Wakaliga, Kampala, wanaiita Wakaliwood. Mwaka 2010 wakatoa picha inaitwa Who Killed Captain Alex? Mkurugenzi wake Nabwana I.G.G., na humo VJ Emmie anapiga kelele mwanzo mwisho. Dogo wa muvi, yule anayeniwekea picha kwenye flashi, akanieleza, jina linauliza nani amemuua Kapteni Alex. Vizuri. Picha ya upelelezi sheria yake naijua. Muuaji ni yule mpole anayeleta chai. Nikakaa na shilingi zangu za kubetiana mkononi. Helikopta zikaruka, watu wakafa kwa mafungu, kung fu ikapigwa. Picha ikaisha. Nani amemuua Kapteni Alex? Hawajasema! Mpaka leo hawajasema. Nililipa hela ya kubeti kwa sababu jamaa niliyebetiana naye alisema "hatutaambiwa" na mimi nilisema mpishi.

Tuje kwenye ngumi. Picha la Kichina, sheria ya kwanza, mwalimu anauawa. Kijana anakimbilia mlimani kwa mzee mwenye nyusi nyeupe, ndefu, zimeshuka hadi mashavuni. Mzee hamfundishi ngumi. Anampa ndoo. Ile The 36th Chamber of Shaolin ya 1978, kijana anafungwa visu mikononi, anabeba ndoo za maji mikono imenyooka, akilegea tu kisu kinamchoma. Baada ya miaka ya ndoo anashuka mlimani hapigiki. Mimi huwa najiuliza. Mama yangu kabeba maji tangu hajaolewa, ndoo kichwani, mtoto mgongoni, kuni kwapani. Hakuna mzee wa nyusi nyeupe aliyetokea kumwambia sasa umehitimu. Walitokea watu wa kudai mchango wa mwenge.

Sheria ya pili, na hii ndiyo iliyoniponza, maadui wanakuja mmoja mmoja. Wako thelathini, wamemzunguka steringi, wana mapanga. Anaingia mmoja, anapigwa, anatoka. Anaingia mwingine. Wengine wanarukaruka pembeni wanasubiri zamu. Ustaarabu mkubwa. Kuna foleni za dirishani hapa mjini hazifikii hata nusu ya nidhamu ile. Nikaiamini. Halafu nikaichanganya na Drunken Master ya Jackie Chan, nayo ya 1978, ambamo mzee ombaomba anamfundisha kijana kwamba ukilewa ndipo ngumi zinakolea. Jirani, ulevi tunao. Komoni ipo.

Ikawa jioni moja kilabuni, nimeshatandika za kutosha, kijana mmoja akakalia kofia yangu. Nikamwambia kwa heshima, kijana, umekalia kofia. Akasema hajaiona. Nikasimama kwa ule mkao wenyewe. Mguu mmoja juu, kiwiliwili kinayumba, vidole nimevikunja kana kwamba nimeshika kikombe. Wakaja watatu kwa pamoja! Hakuna aliyesubiri zamu. Hakuna hata aliyerukaruka pembeni. Nikiwa chini nikawa nawaelekeza, mmoja mmoja jamani, mmoja mmoja. Aliyeniokoa ni mama mwenye kilabu, mtu mzima, kanivuta hadi nje kwa mguu ule ule niliounyanyua. Kofia ikabaki, na bili nikalipa kesho yake na faini ya kigoda.

Picha za komando nazo zina ufundi wake. Commando ya 1985. Schwarzenegger ameibiwa binti. Anajipaka masizi, anajifunga silaha mwili mzima, unajiuliza akibanwa na haja itakuwaje. Anavamia kisiwa peke yake. Jeshi linamfyatulia. Risasi zinapiga maua, zinapiga nguzo, zinapiga vyungu, yeye wala. Akifyatua yeye wanaanguka sita, na mmoja lazima aanguke kutoka ghorofani akipiga ukelele. Mwaka huo huo akaja Rambo na upinde. Tukampenda huyo hadi mfuko wa nailoni tukauita rambo. Nipe rambo niweke nyanya. Majeshi yote yalimshindwa Rambo, lakini tarehe 1 Juni 2019 serikali ikapiga marufuku mifuko ya plastiki, rambo akafa siku hiyo hiyo bila hata muziki wa huzuni. Mimi nilikuwa natoka sokoni nimembeba mkononi. Nilivyosimamishwa, nikamwaga nyanya barabarani nikamkunja Rambo nikamficha kwenye soksi.

Ila hapo kwenye risasi ndipo napata uchungu wa kizalendo. Babu zetu kwenye Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, waliambiwa wakitumia maji ya dawa risasi za Mjerumani zitageuka maji. Hazikugeuka. Nduna Songea Mbano, mwenye jina la mji huu tunaokanyaga, Wajerumani walimnyonga 1906. Ndiyo maana kila tarehe 27 Februari watu wanakusanyika pale Mahenge, kwenye Makumbusho ya Majimaji, kuwakumbuka yeye na wenzake. Yule alikuwa steringi hasa, na alikufa. Schwarzenegger hajaonja hata funda moja la dawa, na bado risasi za jeshi zima zinamkosa. Halafu pati tuu ya picha yetu imekuja lini? Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika hapa hapa Songea kuomba msamaha. Miaka 117 kutoka pati wani. Msambazaji gani huyo?

Hebu nisogezee hiyo kahawa, bado ya Kihindi.

Kihindi cha mapenzi hakinisumbui sana. Mvua lazima inyeshe. Wimbo unaanza uani, ubeti wa pili wako kwenye theluji, dada ana kitambaa chepesi na haogopi nimonia. Baba mtu hataki. Mwishoni anataka. Saa tatu zako zimekwenda. Kinachonisumbua ni Kihindi cha ndugu waliopotezana. Ile Amar Akbar Anthony ya 1977, watoto watatu wanapotezana, mmoja analelewa Mhindu, mmoja Mwislamu, mmoja Mkristo. Wakiwa wakubwa mwanamke anagongwa na gari, anahitaji damu. Wanalazwa vitandani wote watatu kwa mpigo, mirija inatoka kwao, damu inapanda, inakutana, inashuka moja kwa moja kwa mgonjwa. Na mgonjwa ni mama yao! Hawajui! Nililia mimi, we acha.

Basi nilipoitwa kumtolea damu mjomba, nilijiandaa kwa hali hiyo. Nikaoga, nikavaa shati la maua. Nikajua nalazwa kitanda cha pembeni, mrija kutoka kwangu kwenda kwake, na labda hapo hapo ifichuke siri fulani ya ukoo, maana mimi na mjomba masikio yetu yamefanana mno. Nesi akaomba kidole kwanza, achukue tone la kupima. Kidole tu. Nilipozinduka nimelazwa sakafuni, miguu juu ya kiti, mkononi nimeshikishwa soda ya wachangia damu na biskuti, na damu sijatoa. Walinipa kwa huruma. Aliyemtolea mjomba ni shemeji, mtu ambaye akiona picha inaanza huwa anaaga kwenda kulala.

Wanaijeria walipoingia ndipo nyumba za watu zilipoanza kuvunjika. Wao wana Living in Bondage yao ya 1992, jamaa anamtoa mke kafara apate utajiri, mzimu wa mke unamrudia. Tangu hapo sheria imekaa. Mtu akitajirika, kuna aliyemtoa. Mama mkwe ni mchawi, na akiwa ni Patience Ozokwor ni mchawi mara mbili. Wale wawili, Aki na Ukwa, ni watu wazima na wanachapwa fimbo na baba yao. Pasta anatokea dakika ya mwisho. Sasa mimi nikanunua tivii bapa. Ya mtumba, jirani. Kwa mkopo wa kikoba cha mke wangu. Mama mkwe akaja kutusalimia kutoka Peramiho. Shikamoo mama. Marahaba. Akaitazama tivii. Akanitazama mimi. Akawaita wajukuu, akawahesabu. Akasubiri kidogo, akawahesabu tena. Usiku akalala nao chumba kimoja, mlango ameuegemezea kinu. Sheria inasema mama mkwe ndiye mchawi, lakini kwangu mchawi nimekuwa mimi, na deni la kikoba juu.

Nikisema habari za majini utacheka, lakini nitasema. Sisi tulikuwa na Nsyuka na Shumileta, picha za Mussa Banzi, zile ambazo ukitoka kibandani unaomba wenzako wakusindikize hadi mlangoni. Sheria ya jini ni moja. Usiku, barabarani, dada mzuri kupita kiasi, anaomba lifti. Angalia miguu. Ukiona kwato, kimbia. Nami nina kipikipiki changu. Usiku mmoja natoka Msamala, dada mzuri, anapunga mkono. Nikasimama, maana nina utu. Ila nikawasha tochi ya simu nikainama nikamulika miguu. Akanizaba kofi, kofia ngumu ikazunguka nikawa naangalia giza. Sauti nikaitambua. Mwalimu wa mwanangu. Vikao vya wazazi siku hizi anakwenda mama watoto.

Bongo Movie sasa. Hapa naomba tukae vizuri, maana hapa ndipo nilipomaliza ujana.

Gari linafika getini. Honi. Mlinzi amelala. Honi. Mlinzi anaamka, anatafuta kofia. Anafungua bawa moja la geti. Anafungua la pili. Gari linaingia, jeupe, linang'aa. Geti linafungwa, bawa moja, bawa la pili. Steringi anashuka. Anatembea. Amesahau simu kwenye gari, anarudi. Hapa Songea umeme unakatika na kurudi, yeye bado yuko kwenye ngazi. Anaingia sebuleni, sofa za ngozi, jokofu liko hapo hapo sebuleni. Analetewa juisi nyekundu. Hainywi! Miaka yote hiyo sijaona mtu anamaliza glasi ya juisi. Simu inaita. Mazungumzo Kiswahili kidogo, yai nyingi. Hospitali, daktari kavaa koti lina mikunjo ya pakiti, anavua miwani, ukiona miwani imevuliwa jua tayari. Kwa mganga kuna shuka jekundu, kibuyu, kioo, na kicheko. Jina la picha lazima la Kizungu. Halafu katikati ya ugomvi, mtu ameinua kisu, picha inaganda. Itaendelea pati tuu. Pati tuu inauzwa mbali.

Na tulizipenda. Girlfriend ya George Tyson ya 2003 ilifungua mlango, kisha kina Ray na Johari wakapita, kisha Kanumba. Dar 2 Lagos 2006, Oprah 2008. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, miaka 28 tu, vibanda vilionesha picha zake mfululizo, watu wazima wenye ndevu wanafuta macho gizani. Hata hapo kuna jamaa alibisha hadi usiku wa manane kwamba steringi hafi, subirini, itatoka pati tuu.

Halafu kuna sheria kongwe kuliko zote, mshamba anakuja mjini. Kifurushi, mdomo wazi, anashangaa ghorofa, anaibiwa. Unajua nani aliicheza mapema kabisa? Rashidi Kawawa. Huyo huyo, Simba wa Vita. Mzaliwa wa huku huku kwetu, Namtumbo ya leo. Kabla hajawa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962 alikuwa steringi wa sinema, kacheza Muhogo Mchungu ya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mtu wa kwetu kaigiza ushamba, akaishia kuwa Waziri Mkuu. Mimi wa kwetu vile vile, sikuigiza. Nilipanda basi Songea alfajiri, nikashuka Dar usiku mwingi miguu imevimba viatu haviingii, na kabla sijatoka stendi nimeshauziwa simu. Kubwa, nyeusi, bei ya kutupa, kijana ana shida mgonjwa yuko hospitali. Aliinamia pembeni akaniwekea kwenye boksi vizuri. Nikafika kwa mwenyeji wangu, Mbagala, nikaifungua mbele ya watu. Kipande cha sabuni. Ya kufulia. Kimekatwa kwa ustadi hadi pembe za mviringo. Mke wa mwenyeji akasema angalau ya buluu, inatoa povu. Nikaifulia shati la safari. Kawawa kwa mambo haya haya alipigiwa makofi.

Siku hizi nyumbani remoti si yangu. Ilianza na Jumong, Mkorea, vipande 81, mahindi yalipandwa na kuvunwa hajapata ufalme. TBC mwaka 2011 wakaleta Doudou na mama wakwe zake, Wachina wanagombana kwa Kiswahili, hadi Xi Jinping alipokuja Dar 2013 akaitaja kwenye hotuba yake. Kisha wakaja Waturuki wa Azam, kina Sultani. Sheria ya Kituruki ni kutazamana. Huyu anamtazama yule. Muziki. Yule anamtazama huyu. Muziki. Tangazo la sabuni. Nikisema "kasikia kila kitu, yuko nyuma ya pazia" natolewa sebuleni, na kweli yuko nyuma ya pazia.

Nimewaza sana nikiwa nje na baridi yangu. Hatulipi ili tushangae, jirani. Mshangao tunaupata bure. Mkulima wa hapa Ruvuma anapanda mahindi hajui gunia litauzwaje, analala nalo, anaamka nalo, mwaka huu bei juu, mwaka kesho haifiki hata ya mbolea. Ukiwa umetoka kwenye hali hiyo ukaingia kibandani, unataka uone adui anapigwa na unajua kabisa anapigwa. Ndiyo maana yule mzee wa Sholay alidai hela yake. Alikuwa na haki, na angerudishiwa na mimi nisingekaliwa.

Sasa nina shida moja, naomba unisaidie, na wewe unayesoma pia. Kuna picha ya Bongo niliiangalia pati wani, dogo wa muvi pati tuu hana, anasema flashi ilikula. Jina silikumbuki, lilikuwa la Kizungu. Ni ile ambayo dada anatoka kijijini, anakuwa hausigeli. Bosi ana gari jeupe. Linaingia getini. Mke wa bosi anakwenda kwa mganga. Mama wa kijijini anakohoa. Kuna glasi ya juisi. Ukiiona utaijua, hakuna nyingine ya hivyo. Mwenye pati tuu aniachie hapa kwenye kioski, nitaikuta. Flashi nitarudisha, na jero ya soda nitaweka. Ila tafadhali sana, mwisho usiniambie.